Mshipi wa kusuka kwa chambo kizito: namba ipi isomwe kabla ya kununua

Mvuvi wa burudani anayefika pwani ya Kenya au Tanzania kumtafuta kolekole huja na chambo bandia cha mti au cha plastiki chenye uzito wa gramu 100 hadi 200, ndoana nene zisizonyooka kwa urahisi, na fimbo ngumu ya kukirushia chambo hicho mbali na chombo. Vitu hivyo huchaguliwa kwa makini na kwa fedha nyingi. Kinachochaguliwa kwa haraka, mara nyingi kwa kutazama maandishi makubwa ya kwenye boksi, ni mshipi wenyewe, nao ndio unaokatika.

Kolekole mkubwa si samaki wa kusamehe kosa hilo. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye paji la uso lililosimama na mkia uliopinda kama mundu, anayewinda kandokando ya miamba, pale maji ya kina yanapogota kwenye matumbawe. Rekodi ya dunia ya samaki huyo ni kilo 72.8, aliyevuliwa Japani mwaka 2006. Katika maji ya Afrika Mashariki huvuliwa kuanzia Watamu na Malindi, kupitia mkondo wa Pemba, hadi Mafia na Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha mawe na ndege wa baharini kilicho kusini mashariki ya Dar es Salaam. Akikishika chambo hakimbilii bahari kuu kama wafanyavyo jodari. Huinamisha kichwa na kushuka moja kwa moja kwenye mwamba, na mvuvi ana sekunde chache tu za kumzuia kabla mshipi haujagusa matumbawe.

Mshipi ukikatika hapo, samaki huondoka na chambo kizima mdomoni pamoja na mita kadhaa za uzi usiooza. Safari iliyolipiwa huharibika, na nahodha na mabaharia wake hubaki wakieleza kwa nini samaki wa pekee aliyeonekana siku hiyo amekwenda zake.

Namba tatu kwenye boksi

Boksi la mshipi wa kusuka kwa kawaida huwa na namba tatu: ratili, namba ya PE, na kipenyo kwa milimita. Ratili ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndiyo inayouza. Ratili 80 ni kilo 36 hivi, na ratili 100 ni kilo 45. Ila hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote kuhusu namna ya kuipima. Mmoja huandika uzito wa chini kabisa ambao mshipi wake umekatikia, mwingine huandika wastani, na mwingine huandika uzito wa juu kabisa uliowahi kufikiwa kiwandani, kwa mshipi mkavu, mpya na usio na fundo. Kwa hiyo maboksi mawili yanayotangaza ratili 80 yaweza kuwa na mishipi miwili isiyofanana hata kidogo kwa unene.

Namba ya PE ina asili nyingine. Herufi hizo mbili zinasimama badala ya polithini, ambayo kwa jamii yake ni ile ile ya mifuko iliyopigwa marufuku Rwanda, Kenya na Tanzania. Tofauti ni kwamba molekuli za nyuzi za mshipi zimerefushwa mno, kisha zikavutwa hadi zikalala upande mmoja. Nyuzi hizo hujulikana zaidi kwa majina ya kibiashara ya Dyneema, iliyoanzia Uholanzi, na Spectra ya Marekani. Kwa uzito ule ule zinaushinda chuma kwa mbali.

Wajapani waliamua kuipima mishipi hii kama walivyozoea kupima hariri, yaani kwa uzito wa uzi kwa urefu fulani. Kipimo hicho huitwa denia, nacho ni idadi ya gramu katika mita 9,000 za uzi. PE 1 ni denia 200. Hivyo PE 8 ni denia 1,600: mita 9,000 za mshipi huo zina gramu 1,600 za nyuzi, na mita 300 zina gramu 53 hivi. Namba ya PE haisemi mshipi utakatika lini. Inasema kuna nyuzi kiasi gani ndani yake, na jambo hilo ni gumu zaidi kulipamba. Ni kweli kwamba baadhi ya viwanda huazima herufi hizo bila kuifuata kanuni yenyewe, lakini mnunuzi ana njia ya kuwagundua, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kipenyo ndicho kinachodanganya kuliko vyote, ingawa si kwa makusudi kila mara. Mshipi wa kusuka hauna umbo la duara kamili na ukibanwa hubonyea, kwa hiyo matokeo hutegemea umebanwa kwa nguvu gani. Kwa kanuni ya Kijapani, PE 4 huhesabiwa kuwa milimita 0.33, PE 6 milimita 0.40, PE 8 milimita 0.47, na PE 10 milimita 0.52. Namba inapopanda kutoka 4 hadi 8, kinachoongezeka mara mbili ni wingi wa nyuzi, wala si kipenyo. Hapo pana faida kwa mvuvi: mshipi wenye nyuzi maradufu hukutana na upepo zaidi kidogo tu kuliko ule mwembamba. Gharama yake huonekana kwenye nafasi. Bobini inayobeba mita 300 za PE 8 itabeba mita 400 za PE 6, au mita 240 za PE 10.

Kinachotokea chambo kikiwa hewani

Wengi huhesabu nguvu ya mshipi kwa kumfikiria samaki. Breki ya mashine ikikazwa kwa kilo 12 au 15, hoja yao ni kwamba mshipi wa kilo 30 unatosha na kubaki. Kwa samaki peke yake, hesabu hiyo si mbaya. Lakini kabla ya samaki kuna kurusha, na mvuvi wa chambo kizito hurusha mamia ya mara kwa siku.

Kurusha kwenyewe, mambo yakienda sawa, hakuutesi mshipi. Chambo cha gramu 150 huuvuta kwa kilo chache tu kinapoondoka. Balaa huanza kinapozuiwa njiani. Kitanzi cha mshipi hutoka kwenye bobini kwa mkupuo na kujinasa kwenye pete ya fimbo. Au waya wa mashine, ule unaofunguliwa ili mshipi utoke, hujifunga wenyewe katikati ya mrusho. Wakati wa kusi, upepo hupuliza mshipi uliolegea na kuuviringisha kwenye ncha ya fimbo bila mrushaji kuona.

Ikichukuliwa kwamba chambo hicho cha gramu 150 kimeondoka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, na mshipi ukanasa baada ya kutoka mita 10 tu, hesabu huwa hivi. Mshipi wa kusuka hurefuka kama asilimia 3 kabla ya kukatika. Katika mita 10 hiyo ni sentimita 30. Chambo chote lazima kisimame ndani ya sentimita hizo 30, na nguvu ya kukisimamisha hupanda hadi kilo 45 hivi, yaani ratili 100. Nailoni ingerefuka mara kadhaa zaidi na kulipunguza pigo. Mshipi wa kusuka hausaidii. Sifa ile ile inayomfanya mvuvi ahisi kila mguso wa samaki ndiyo inayolipeleka pigo zima kwenye fundo.

Mshipi ukinasa baadaye, mita 40 zikiwa zimekwishatoka, urefu wa kunyooka ni mita moja na robo hivi, na hata kama kasi ingekuwa ile ile, nguvu ingeshuka chini ya kilo 12. Kwa maneno mengine, hatari kubwa iko mwanzoni mwa mrusho, chambo kikiwa bado karibu na vichwa vya watu. Fimbo ikipinda hupokea sehemu ya pigo, na hiyo ndiyo sababu mshipi wa PE 8 wenye fundo zuri huponea mara nyingi. PE 4 haina akiba hiyo. Hukatika kwa mlio kama wa bunduki ndogo, na chambo chenye ndoana mbili za vidole vitatu huendelea na safari bila kamba.

Kwa hiyo mshipi wa kazi hii huchaguliwa kwa uzito wa chambo kabla ya uzito wa samaki. Kwa chambo cha gramu 60 hadi 80, PE 4 au 5 inatosha. Kuanzia hapo hadi gramu 120, PE 6 ni chaguo la busara. Chambo cha gramu 100 hadi 200 kinachorushwa kwa nguvu zote karibu na miamba kinataka PE 8, na PE 10 huwafaa wanaovua kwenye maji mafupi yaliyojaa matumbawe, ambako samaki haruhusiwi kukimbia hata mita 20. Anayeshuka chini ya vipimo hivyo kwa tamaa ya kurusha mbali hupata mita chache za ziada katika kila mrusho, hadi ule mrusho utakaoondoka na chambo.

Tamaa hiyo inaeleweka zaidi katika maji baridi. Chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, ambako Mto Nile hupenya kwenye mwanya wenye upana wa mita 7 hivi, wavuvi husimama juu ya mawe na kumrushia sangara, ambaye Waganda humwita mputa na Wakenya mbuta. Sangara anaweza kuwa mkubwa kuliko kolekole yeyote. Rekodi ya dunia, kutoka Ziwa Nasser la Misri mwaka 2000, ni kilo 104 na ushee. Hata hivyo PE 5 au 6 hutosha pale, kwa sababu chambo huwa chepesi zaidi na samaki huyo, pamoja na ukubwa wake, hana mbio za kolekole. Samaki mkubwa zaidi huvuliwa kwa mshipi mwembamba zaidi, na anayechagua kwa kutazama ukubwa wa samaki pekee atakosea sehemu zote mbili.

Njia nne, njia nane

Yeyote aliyemtazama bibi wa pwani akisuka ukili wa mkeka anajua kwamba idadi ya njia hubadilisha sura na ugumu wa kazi nzima. Mishipi nayo iko hivyo. Ile ya nyuzi nne ina nyuzi nene zaidi mojamoja, uso wake una mikwaruzo na hulia unapopita kwenye pete za fimbo, lakini huvumilia kusuguliwa na bei yake ni nafuu. Ile ya nyuzi nane ni laini na ina umbo linalokaribia duara, hivyo hutoka kwenye bobini kimya na kwa mbali zaidi. Kuna ya nyuzi 12 pia, yenye ulaini wa hariri, na nyuzi zake nyembamba huchanika upesi zikigusa jiwe.

Kwa chambo kizito, nyuzi nane ndizo zinazotumiwa zaidi, na kwa sababu nzuri. Lakini idadi hiyo ina maana ndogo kuliko kubana kwa msuko. Mshipi uliosukwa kwa kubana, ukishikwa kati ya vidole na kuachwa usimame wima, hujishikilia kwa sentimita chache kabla ya kuinama. Uliosukwa kwa kulegea huanguka papo hapo kama uzi wa sufu, na huo ndio unaofanya vitanzi kwenye upepo. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote na chaweza kufanywa dukani, mwenye duka akiruhusu.

Rangi haistahili muda mrefu. Mshipi unaobadilika rangi kila mita 10 una manufaa kwa anayeshusha chambo kwenye kina na kutaka kujua kimefika wapi. Kwa anayerusha, rangi moja inayoonekana vizuri inatosha. Rangi hufifia kwa jua na chumvi, na kufifia huko si dalili ya udhaifu.

Kumgundua mwongo

Mishipi ya bandia, na ile halali iliyoandikwa namba zisizo zake, haikosekani sokoni. Mnunuzi anaweza kufanya majaribio mawili nyumbani. La kwanza ni maji. Polithini ni nyepesi kuliko maji na huelea; nailoni na poliesta huzama. Kipande cha sentimita 5 kikizamishwa kwa kidole ndani ya glasi ya maji yenye tone la sabuni, ili hewa iliyonasa kwenye msuko itoke, kinapaswa kupanda juu tena. Kikibaki chini, basi hakikutengenezwa kwa polithini tupu, hata kama boksi linasema hivyo. Waaminifu wapo wanaochanganya nyuzi nzito kwa makusudi ili mshipi uzame, lakini husema wazi kwenye boksi.

Jaribio la pili ni mizani ndogo ya jikoni au ya sonara. Bobini tupu ikipimwa, kisha ikipimwa ikiwa na mita 300 za mshipi unaodai kuwa PE 8, tofauti inapaswa kuwa gramu 53 au zaidi kidogo kwa sababu ya dawa inayopakwa juu ya nyuzi. Ikiwa gramu 80, mshipi ni mnene kuliko unavyodai, na hapo ndipo zilipotoka zile ratili nyingi. Ikiwa 40, ama urefu umepunjwa ama namba imepandishwa.

Fundo na uzi wa mbele

Mshipi wa kusuka haufungwi moja kwa moja kwenye chambo. Mbele yake huwekwa nailoni nene ya ratili 150 hadi 200, kwa kawaida urefu wa mita moja na nusu hadi mbili na nusu, inayostahimili meno, magamba na matumbawe. Tatizo ni mahali mishipi hiyo miwili inapokutana. Polithini huteleza kama iliyopakwa mafuta, na fundo la kawaida lililozoeleka kwenye nailoni huweza kulifyeka nusu ya nguvu yake, au kufunguka polepole bila kukatika. Ratili 100 zilizolipiwa hugeuka 50 kwa dakika moja ya uvivu.

Fundo linalopendwa zaidi kwa kazi hii hujulikana kwa herufi FG. Ndani yake nailoni haikunjwi kabisa. Hubaki imenyooka, na mshipi husukwa juu yake kwa kupishana mara 20 au zaidi, kushoto na kulia, hadi unapoibana nailoni kwa urefu wa sentimita kadhaa. Kadiri samaki anavyovuta ndivyo unavyozidi kubana, na kwa kuwa hakuna nundu, fundo hupita kwenye pete bila kugonga. Linafundishika kwa jioni mbili. Sharti lake ni kulowesha mshipi na kulikaza kwa nguvu kubwa kabla ya matumizi, mkono ukiwa na glavu au mshipi ukizungushiwa kijiti, hadi rangi ya mshipi ionekane imekolea pale ulipoibana nailoni.

Kujaza bobini kunastahili uangalifu ule ule. Mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini huzunguka wote kwa pamoja bila kushika, na mvuvi hudhani breki imeharibika. Zamu chache za nailoni chini yake humaliza tatizo. Mshipi huingizwa ukiwa umekazwa, ukipitishwa kwenye kitambaa kilicholowa, kwa sababu ulioingia ukiwa legevu hujichimbia chini ya zamu nyingine samaki anapovuta, na mrusho unaofuata hunasa ghafla mwanzoni, mahali pabaya kuliko pote. Ukingo wa bobini uachwe milimita 2 au 3 bila kujazwa. Inayofurika hutema vitanzi.

Mikono na mabaki

Mshipi wa PE 8 uliokazwa hukata ngozi kama kisu cha kuparia samaki. Chambo kikinasa kwenye mwamba, kishawishi cha kwanza ni kuuzungusha mshipi mkononi na kuvuta, na wanaofanya hivyo kwenye chombo kinachosukwasukwa na mawimbi wamewahi kuumia hadi kwenye mfupa. Mabaharia wazoefu huuzungushia kipande cha mti na kuvuta kwa mti huo, uso ukiwa umegeuzwa pembeni, kwa kuwa chambo kikichomoka hurudi kilikotoka.

Baada ya safari bobini huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mita chache za mwanzo, zilizosuguliwa na pete kwa mamia ya mirusho, hupapaswa kwa kucha. Zilizoota manyoya hukatwa na fundo kufungwa upya. Mita 300 zikitunzwa hivyo zaweza kugeuzwa mwisho kuwa mwanzo na kuanza maisha ya pili.

Vipande vilivyokatwa havitupwi baharini. Kwa sababu ile ile iliyoelezwa kwenye glasi ya maji, haviendi chini. Huelea mahali kasa hupandia kuvuta pumzi, na hujizungusha kwenye panga la injini ya kila ngalawa ya mota inayopita. Katika hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizotengwa tangu mwaka 1968, na ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, mabaki hayo hufika kwa mkondo hata pale ambapo hakuna mvuvi anayeruhusiwa kurusha. Chupa tupu ya maji iliyofungwa kwenye ubao wa chombo hubeba vipande vya msimu mzima.